Kugonga Michoro ya Kucha Nyumbani, Dodoma

Anayetaka kujifunza kugonga michoro ya kucha akiwa Dodoma aanze na upepo. Bamba, muhuri na rangi vitafuata. Maelekezo mengi yanayosambaa kwenye simu yanatoka kwa watu waliokaa kwenye vyumba tulivu, na wanaonyesha kila hatua taratibu kana kwamba rangi inawasubiri. Huku kwetu rangi haimsubiri mtu. Mwezi wa saba na wa nane upepo unavuma kutwa, unasomba vumbi kwenye viwanja ambavyo havijajengwa, na ukikaa barazani na chupa yako ya rangi utakuta imekauka ndani ya mchoro kabla hujainua muhuri. Mwezi wa kumi na wa kumi na moja upepo unapungua makali, lakini linakuja joto, na joto nalo lina haraka yake.

Kwa ambaye hajawahi kuona kazi hii, inakwenda hivi. Bamba ni kipande chembamba cha chuma kilichochongwa michoro ya kina kidogo sana, kiasi kwamba ukipitisha ukucha unausikia mkwaruzo tu. Unapaka rangi juu ya mchoro, unakwangua kwa kadi ili ibaki ile iliyoingia kwenye michongo peke yake, unabonyeza muhuri wenye kichwa laini cha silikoni, mchoro unanasa juu ya kile kichwa, kisha unauhamishia kwenye kucha ambayo umeshaipaka rangi nyingine ikakauka. Kuanzia rangi inapogusa bamba hadi mchoro unapokaa kwenye kucha, zinapita sekunde chache. Kila nilichojifunza kimejengwa juu ya sekunde hizo.

Rangi ya kucha ya kawaida, ile ambayo mama zetu wanaiita cutex bila kujali imetengenezwa na nani, ni nitroselulosi iliyoyeyushwa kwenye vimiminika vinavyoruka upesi, hasa ethili asetati na butili asetati. Ndivyo vinavyotoa ile harufu kali. Haipikwi wala haigandishwi; vimiminika vikisharuka, unabaki utando. Upepo na joto vinavirusha kwa kasi zaidi, na utando wa kwenye bamba ni mwembamba mno, kwa hiyo ndio unaokufa kwanza. Nilipolielewa hili niliacha kulaumu vifaa. Nikahamia chumbani, nikafunga dirisha wakati wa kugonga, nikazima feni. Bamba lile lile ambalo barazani lilikuwa linatoa nusu ya ua, chumbani likatoa ua zima pamoja na mishipa ya majani yake.

Sasa nina utaratibu: naweka kila kitu mezani kabla sijafungua chupa. Bamba nimelibandika kwa seloteipu lisiteleze, kadi iko mkono wa kulia, muhuri uko pembeni umesimama kichwa juu, pamba na asetoni ya kufutia rangi viko karibu. Napaka rangi kwenye mchoro mmoja tu, nakwangua mara moja kwa kadi iliyolala kiasi, nanasa, nagonga. Nikikwangua mara ya pili na ya tatu, najua mchoro umeshakufa, nafuta naanza upya. Kugonga kwenyewe ni kuviringisha muhuri kutoka upande mmoja wa kucha hadi mwingine kwa mkono mwepesi. Wanaokandamiza kwa nguvu, kama karani anayegonga barua ya ofisi, wanapata mchoro uliopanuka na kingo zilizofifia. Nikishamaliza kugonga kucha zote, nafungua dirisha hewa ipite.

Vifaa nilivikusanya kidogo kidogo, vingine Soko la Majengo, vingine kwenye maduka ya vipodozi ya mjini. Bamba jipya huja na ngozi nyembamba ya plastiki, mara nyingi ya bluu, iliyobandikwa kulikinga chuma. Ibandue. Wengi wanaolalamika kwamba bamba lao halishiki rangi wanapaka juu ya hiyo plastiki. Kadi ya kukwangulia haina haja ya kununuliwa. Ile plastiki inayobaki ukishachomoa laini ya simu inafaa sana, kwa kuwa haina ncha ya kuchubua chuma na inapinda kidogo ukiikandamiza. Kichwa cha muhuri kisafishwe kwa seloteipu: unakibandika na kukibandua, rangi yote inaondoka nayo. Asetoni ibaki kwa ajili ya bamba. Ikizoea kugusa silikoni inauharibu ule unato wake, na muhuri usio na unato hata ukiubonyeza vipi haubebi kitu.

Si kila rangi inagonga. Nimejaribu nyingi, na kipimo changu sasa ni rahisi: nachovya brashi, napaka mstari mmoja kwenye karatasi nyeupe. Kama karatasi inaonekana chini yake, rangi hiyo ni ya kupaka tu. Inayofunika kwa mpako mmoja ndiyo inayogonga, na mara nyingi ni nyeusi nzito, nyeupe nzito, na zile zenye mng'ao wa madini, dhahabu na fedha. Rangi zilizotengenezwa mahsusi kwa kugongea zina unga wa rangi mwingi zaidi ndani yake na ni nzito kidogo, lakini mjini hapa hazipatikani kila siku, na dhahabu ya bei ya kawaida niliyonayo inashindana nazo bila wasiwasi. Rangi ikianza kuwa nzito chupani kwa ajili ya joto, watu wengi huongeza asetoni. Inalainika siku hiyo, lakini asetoni inavuruga mchanganyiko wake, na baada ya muda rangi inakuwa kama nyuzi. Kinachofaa ni kimiminika cha kulainishia rangi chenye zile asetati zenyewe. Usipokipata, ni heri kununua chupa nyingine.

Jambo lililonifurahisha kuliko yote kuhusu muhuri ni mkono wa kulia. Mimi natumia mkono wa kulia, kwa hiyo kuchora kwa mkono wa kushoto kulikuwa kunanishinda: kidole gumba cha kushoto kina ua zuri, cha kulia kina doa. Kwa muhuri nimeacha kupeleka muhuri kwenye kucha. Nausimamisha mezani kichwa kikiangalia juu, mchoro uko pale, halafu nakiviringisha kidole chenyewe juu yake. Mikono yote miwili inalingana. Nimewaonyesha wanawake wengi jambo hili hapa mtaani na kila mmoja uso umemng'aa. Wengi wetu tulikuwa tumeshakubali kwamba mkono mmoja ni wa kupendeza na mwingine ni wa kuficha.

Mabamba mengi yanayouzwa yana michoro iliyobuniwa kwa ajili ya kwingine. Theluji, miti ya Krismasi, minara ya Ufaransa. Nilikuwa nayapita hadi nilipokutana na bamba lenye korosho. Mtu yeyote aliyekua kwenye nyumba yenye kanga anaijua ile korosho iliyopinda kichwa, imejazwa nukta tumboni. Nikaigonga kwa rangi nyeusi juu ya manjano ya haradali, na shangazi yangu alipofika kutoka Kondoa aliuona mkono wangu hata kabla sijamaliza kumsalimia.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Hebu lete huo mkono. Hii si korosho ya kanga?"

"Ndiyo yenyewe. Nimeigonga kwa muhuri."

"Mh. Na swala?"

"Nipo kwenye siku zangu, shangazi."

"Haya. Ukimaliza uitoe yote, mpaka pembeni. Pembeni ndiko inakojificha."

Alikuwa na haki kuuliza. Utando wa rangi unazuia maji ya udhu yasifike kwenye kucha, kwa hiyo majaribio yangu yote nayafanya siku ambazo siswali, na kabla ya kuoga kujitwaharisha natoa kila kitu. Zipo rangi zinazouzwa kwa maelezo kwamba zinapitisha maji, lakini mimi sijazifanya tegemeo. Ukomo huu umenisaidia kuliko nilivyotarajia. Sina haja ya mchoro wa kukaa wiki tatu, kwa hiyo kila mwezi kucha zangu zinarudi tupu na ninaanza jambo jipya. Na neno la shangazi kuhusu pembeni ni ufundi mtupu: rangi kweli hujificha kwenye mfereji wa ubavuni mwa kucha na chini ya ngozi ya nyuma. Natumia kijiti cha meno kilichozungushiwa pamba yenye asetoni, nakipitisha taratibu hadi pamba itoke nyeupe.

Baada ya ile korosho nilianza kuitazama kanga kama mwalimu. Kanga ina pindo linalozunguka, ina mji katikati, ina jina. Kwenye kucha jina halina nafasi, lakini pindo na mji vinakaa vizuri sana. Unagonga mstari wa nukta au pembetatu kwenye ncha, halafu mchoro mmoja katikati, na unaacha pumzi kati yake. Kabla ya hapo nilikuwa najaza kucha nzima kwa maua, na kwa mbali ilionekana uchafu.

Kazi ninayoipenda zaidi kati ya zote nilizofanya ni ya jirani yangu mmoja, Mgogo, alipokuwa anajiandaa kwa kicheni pati yake. Alikuwa ameandaliwa kanga ya kisutu, ile ya nyekundu, nyeusi na nyeupe ambayo toka zamani watu wa pwani humvika bibi harusi. Akauliza kama kucha zinaweza kufuata kanga. Nikapaka nyeupe vidole vingine, nyekundu vingine, na juu yake nikagonga vijiumbo vidogo vidogo vyeusi, na kwenye vidole vya pete nikaweka nyekundu na nyeusi juu ya nyeupe. Hapo nilitambua kwamba kugonga rangi mbili juu ya kucha moja kunataka subira ya kweli, kwa sababu mchoro wa pili ukifika wakati wa kwanza bado ni mbichi, muhuri unauinua ule wa kwanza na kuondoka nao. Tulikaa hadi usiku, chai ya tangawizi mezani, tukingoja kila tabaka. Siku ya shughuli wanawake walikuwa wanamshika mikono na kuilinganisha na kanga.

Subira hiyo ndiyo upande wa pili wa upepo wa Dodoma. Kwenye bamba hali ya hewa inakuhimiza, kwenye kucha inakudanganya. Rangi iliyopakwa nene inakauka juu upesi sana, unaigusa unaona iko tayari, kumbe chini bado ina vimiminika vilivyokosa pa kutokea. Unalala, unaamka na alama za shuka kwenye kila kidole. Tabaka nyembamba ndiyo dawa: mpigo mmoja katikati, mmoja kila upande, unaacha. Ya kwanza itaonekana na mabaka, iache hivyo hivyo. Ya pili itafunika. Chupa usiitikise, iviringishe kati ya viganja, kwa sababu kutikisa kunaingiza hewa na baadaye unaona vipovu. Na chini ya rangi zote lazima iwepo beskoti, ule mpako wa kwanza wa kuikinga kucha, hasa ukipaka nyekundu au zambarau ile ya zabibu zetu zilizoiva. Rangi hizo zinaacha kucha za njano, na unjano huo hausuguliki. Kucha za mikono hukua kama milimita 3 kwa mwezi, kwa hiyo doa la leo linakaa nawe miezi hadi lisukumwe na kucha mpya.

Juu ya mchoro inakuja topkoti, ule mpako angavu wa mwisho, na hapa ndipo kazi nzuri nyingi zinapoharibika. Topkoti nayo ina vimiminika vilevile vinavyoyeyusha rangi, hivyo brashi kavu ikiburuzwa juu ya mchoro inauvuta kama wanja uliolowa machozi. Nangoja kidogo mchoro ushike, halafu nachukua topkoti nyingi kwenye brashi, naidondosha karibu na mzizi wa kucha, na kuisukuma mbele bila nywele za brashi kugusa chini. Mpigo mmoja kila sehemu, bila kurudi. Namalizia kwa kupitisha brashi kwenye ncha ya kucha, ukingoni kabisa, maana rangi huanza kubanduka hapo.

Na sisi tunaipa sababu nyingi za kubanduka. Mikono hii inafua, inasonga ugali, inachambua mlenda, inaosha masufuria kwa steelwool. Kucha inanyonya maji na kuvimba kidogo, ikikauka inarudi, na utando wa rangi haunyumbuki nayo sawasawa, ndiyo maana unapasuka. Kwa hiyo siku ya kupaka nafua asubuhi na mapema, kucha zinakauka kabisa, napaka usiku. Nakata fupi. Picha nyingi za mtandaoni zinaonyesha kucha ndefu kama vijiko, na mchoro uliochongwa kwa kucha hizo ukiugonga kwenye kucha fupi unapata shina bila ua. Chagua michoro midogo inayojirudia. Kucha fupi yenye mchoro mdogo uliokaa katikati inapendeza, na inakuacha ufanye kazi zako.

Kuhusu rangi juu ya ngozi zetu nina msimamo. Zile za waridi hafifu zinazosifiwa kuwa ni za kiheshima zinafanya vidole vyangu vionekane vimepakwa chokaa. Ngozi nyeusi inabeba haradali, chungwa lililoiva, kahawia nyekundu ya udongo, kijani cha chupa, na dhahabu juu ya zambarau iliyokolea. Jaribu kwenye kidole kimoja mchana, nje kwenye mwanga wa jua, kabla hujakubali kwamba rangi fulani haikufai.

Wanaoniona wananiuliza mbona sifanyi jeli, maana ndiyo inayodumu. Saluni kwa mtu aliyesomea sina neno. Nyumbani naiogopa. Jeli inaiva kwa taa ya UV, na kabla haijaiva ina kemikali za jamii ya methakrilati ambazo zikigusa ngozi mara kwa mara zinaweza kuleta mzio usioisha. Taa dhaifu ikiiacha mbichi katikati, hatari inaongezeka. Mzio huo ukishaingia unaweza kukusumbua hata kwa daktari wa meno, kwa kuwa jamii hiyo hiyo hutumika kuzibia meno. Umoja wa Ulaya umepiga marufuku TPO, kimojawapo cha viungo vinavyoisaidia jeli kuiva kwenye taa, kuanzia Septemba 1, 2025. Rangi ya kawaida inanitosha.

Hata hiyo ya kawaida ina sharti lake kubwa: moto. Asetoni na vimiminika vya rangi vinashika moto kirahisi, na mvuke wake unatambaa. Nyumba nyingi tunapika chumba hicho hicho tunachokaa, mkaa au gesi. Kama jiko linawaka, chupa hazifunguliwi, na pamba zilizotumika zinawekwa nje kwenye kopo lenye kifuniko.

Wakati wa kutoa nalowesha pamba, naiweka juu ya kucha, nahesabu taratibu, kisha navuta mara moja kuelekea ncha. Kusugua huku na huku kunapeleka rangi kwenye ngozi. Asetoni inakausha kucha na hali ya hewa yetu ni kavu tangu mwanzo, ndiyo maana kucha za hapa hukatika ovyo wakati wa kiangazi. Dawa yangu ni mafuta ya alizeti, yale ya Singida yanayouzwa barabarani, tone moja kila kidole, nasugua hadi kwenye mzizi. Mafuta hayo yaje baada ya kutoa rangi tu. Kabla ya kupaka yanaifanya iteleze, na kama umeyatumia siku hiyo futa kucha kwa asetoni kwanza. Watu husema kucha ipumzishwe ipate kupumua. Kucha haipumui, inalishwa na damu kutoka chini ya ngozi. Mapumziko yanaisaidia tu kuepuka asetoni ya mara kwa mara.

Sasa hivi nimehangaika kutafuta bamba lenye michoro yetu, na dukani sijalipata. Fundi mmoja anayechonga mihuri ya ofisi ameniambia anaweza kujaribu kuchonga kwenye kipande cha chuma nikimletea mchoro uliopimwa sawasawa. Nimechukua karatasi ya miraba, nimepima ukucha wa kidole gumba changu, upana milimita 13, nimeanza na pindo la pembetatu na korosho moja, na nukta za tumboni nimezipunguza hadi 5 ili zisiishinde mashine yake. Kisutu itafuata, kama hii ya kwanza itanasa.